Nyumba imepasuka, turudi kulala ndani?

Mkazi wa Hamugembe: Wakuu, toka tetemeko la Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 hapa Bukoba tunalala nje na watoto chini ya turubai, mvua nayo ndo hiyo, nyumba ya tofali ina ufa toka kona ya dirisha mpaka kwenye renta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), vidole vinaingia. Turudi ndani kweli?

Jibu: Pole sana ndugu. Msirudi, ufa wa hivyo sio wa plasta, ukuta umeachana, na mitetemo midogo bado inaweza kuja.

Jibu: Mi niko Kashai, tumehamia jiko la mbao na mabati. Piga picha kila ufa kabla hujagusa kitu, halafu kajiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa.

Jibu: Na mchimbe mtaro kuzunguka turubai jamani, watoto wasilale kwenye maji.