Eti "kasahihishe insha za darasa la saba"! Wakuu, leo nimedharauliwa

Wakuu, niko hapa Posta natetemeka, daladala ya tatu inanipita. Yule bwana, bosi wetu, mnamjua, simtaji. Aliyewahi kugusa mradi wa maji Dar hii anamjua, kikohozi chake kinafika ofisini dakika tano kabla yake.

Jana tumekagua hati ya vipimo vya kiufundi, ile inayomwambia mkandarasi ajenge nini na vipi, kurasa 86. Husomi zote. Mnachukua sampuli, ukurasa wa maneno kama 300, kila mmoja anahesabu kasoro kubwa kwa kanuni zilizokubaliwa. Si koma jamani! Kasoro kubwa ni ile ambayo mkandarasi akiielewa vibaya, hela imeteketea. Tulikubaliana zikizidi moja kwa ukurasa, hati inarudi kwa mwandishi. Ukurasa wa 14 nimekuta 19. KUMI NA TISA.

"Pampu iwe na nguvu ya kutosha." Kutosha nini? Lita ngapi kwa sekunde, zipande mita ngapi? "Valvu zikaguliwe mara kwa mara." Kila wiki au kila uchaguzi mkuu?

Nampa ukurasa kikaoni. Anakula kitumbua, mafuta yanadondokea palepale kwenye "nguvu ya kutosha". Hakusoma hata mstari. Akacheka, mbele ya watu kumi na mmoja na yule binti wa mafunzo kwa vitendo: "Bwana mdogo, wewe kasahihishe insha za darasa la saba."

Insha! Nina miaka 38, bwana mdogo! Kisha akasaini. Kama kurasa zote ziko hivyo, ni kasoro 1,634 zimepitishwa na mkono wenye mafuta. Na yule binti alicheka. Insha za darasa la saba, wakuu.

Kachumbari: Pole mkuu. Uzi wako nimeukagua, kasoro kubwa 6. Urudi kwa mwandishi.

Mama Junia: Kitumbua cha nazi au cha kawaida?

Fundi wa Goba: Namjua huyo! Alituandikia "rangi ya kupendeza". Tukapaka kijani, akatukata hela, eti hakijampendeza.

Mzee wa Kigogo: Vijana, ukaguzi huu si mgeni. Michael Fagan aliuandika akiwa IBM, kampuni ya kompyuta, mwaka 1976. Na matokeo hayatumiki kumpima mwandishi kazini, maana watu wakiogopa wataficha kasoro. Wewe umempelekea bosi wino mwekundu kadamnasi. Nani kaiandika hiyo hati?

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Jina la mwandishi sikulitaja, nilitaja ukurasa tu! Ila... nasikia kaiandika yeye mwenyewe. Sawa, lakini INSHA?

Kachumbari: 😂😂😂 Bwana mdogo umekwisha.

Dada wa Sinza: Afadhali nyie. Mwenye nyumba wangu kaandika kwenye mkataba "maji yapo". Yapo kweli, kwenye ndoo ya jirani.

Fundi wa Goba: Sinza ipi? Geti jeusi, mzee wa baraghashia, anadai kodi ya miezi sita?

Dada wa Sinza: Huyohuyo!

Mama Junia: Jamani nilikaa pale! Na luku kawaambia mnachangiaje?

Dada wa Sinza: "Kwa haki." Ana friza mbili za samaki, mimi nina taa moja.