Miguu inakufa ganzi, kichwa kinazunguka, mawazo hayatulii: kwenye kutafakari nakosea wapi?

Anayeanza:
Wakuu, salaam. Nauliza kuhusu kutafakari, hii ya kukaa kimya na kufuata pumzi. Ni wiki ya tatu, dakika 20 kila asubuhi, nimekunja miguu kitandani. Ikifika dakika ya saba mguu wa kulia umeshakufa ganzi. Nikivuta pumzi ndefu kama video zinavyoelekeza, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachomachoma. Mawazo ndiyo usiseme: kodi, kazi, redio ya jirani. Siku ambayo mawazo yametulia, nasinzia. Kuna ninachokosea, au haya mambo si ya kila mtu?

Mkeka wa Ukili:
Mkuu, kwanza toka kitandani. Godoro linabonyea, makalio yanazama, magoti yanabaki juu. Kiuno hapo lazima kijikunje, na misuli ya mgongo ndiyo inabeba mzigo wote. Kaa sakafuni, juu ya mkeka, halafu kunja blanketi mpaka lifike unene wa sentimita 10 hadi 15 ulikalie. Kalia ukingo wa mbele, makalio tu, si mapaja. Kipimo ni magoti: yakiwa chini kuliko nyonga, umepatia. Yakielea hewani, ongeza mkunjo mmoja au shindilia nguo chini ya kila goti.

Ganzi watu husema damu imesimama. Mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa, ama chini ya paja pale ukingo wa kikalio unapokata, ama upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, ambako mshipa unapita juu ya mfupa karibu kabisa na ngozi. Ndiyo maana kubadilisha mguu wa juu kila siku hakusaidii sana kama kikalio ni kilekile. Ganzi inayoisha dakika moja mbili baada ya kunyoosha mguu haina neno. Maumivu makali ndani ya goti lenyewe ni habari nyingine. Hayo hayavumiliwi, fungua miguu hapohapo. Na usiinuke mguu ukiwa bado mfu. Ukikanyaga bila kuisikia sakafu, kifundo kinateguka.

Kiti cha mezani nacho kinafaa, wala si cha wazee: sogea mbele usiegemee, nyayo zote mbili chini.

Polepole:
Kizunguzungu hicho hakina muujiza. Unavuta hewa kuliko mwili unavyohitaji ukiwa umekaa tu, kwa hiyo unatoa hewa ukaa nyingi mno. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inasinyaa; kichwa chepesi, vidole na midomo inachomachoma. Wako wanaokwambia eti nguvu imeingia. Hakuna kilichoingia.

Dawa yake ni kuacha kuvuta. Pumzi ndefu ni zoezi lingine lenye kazi yake. Hapa wewe ni mtazamaji. Weka kiganja chini ya kitovu, usikie tumbo linavyopanda na kushuka kwa mwendo wake, hata kama pumzi ni fupi na mbaya. Kama kila ukiiangalia unaanza kuiendesha, iache. Hamia kwenye joto la viganja vilivyolala mapajani, au sauti za nje, dakika mbili tatu, ndipo urudi. Hapo hata redio ya jirani inageuka kifaa: sikiliza mlio, usifuate maneno ya mtangazaji.

Angalizo moja. Mtu akifumba macho kisha hofu ikapanda, moyo ukaenda mbio au mambo mabaya ya zamani yakaja kama picha, afumbue macho na asimamishe. Likijirudia, asilazimishe peke yake. Amwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili.

Moja Mpaka Kumi:
Dakika 20 ulizitoa wapi? Nadhani kwenye hizo video. Mafunzo ya kutafakari ya wiki 8 aliyoanzisha Jon Kabat-Zinn kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979 yanadai hadi dakika 45 kwa siku, ila mtu anakuwa na mwalimu na kundi. Wewe uko peke yako. Anza na dakika 5, kila siku, zifungamanishe na kitu usichokosa kama kupiga mswaki. Wiki mbili zikipita bila kuruka, ongeza dakika 2 au 3. Weka alamu ya sauti laini na uzime data, vinginevyo nusu ya muda utakuwa unachungulia saa.

Mawazo: hesabu pumzi zinazotoka. Moja, mbili, mpaka kumi, kisha rudi moja. Utakosea kwa namna mbili. Ama utapotea kwenye nne ukajikuta unapanga kodi, ama utazinduka uko kumi na saba, hesabu inajiendesha yenyewe. Zote dawa ni moja: rudi moja, bila kujigombeza. Kule kuzinduka na kurudi ndiyo zoezi lenyewe. Uliyerudi mara thelathini umefanya kazi kuliko aliyekaa ameganda akiota.

Wazo likirudi lilelile, lipe jina kwa neno moja kimoyomoyo: "kupanga", "kukumbuka", "kusikia". Njia hii ilienezwa sana na Mahasi Sayadaw, mtawa wa Kibuddha wa Burma (Myanmar). Neno moja tu lakini. Ukianza "napanga kodi kwa sababu mwenye nyumba...", umeshaondoka.

Macho Nusu:
Hapo kwenye usingizi mmeruka. Na kumfunga mtu asubuhi tu siafiki: aliyelala saa tano usiku na kuamka saa kumi atasinzia hata umkalishe kwenye misumari. Akalale, au ahamishie jioni kabla ya kula, kwa sababu tumbo likijaa ni hivyohivyo. Kama usingizi umetosha na bado unanyemelea, usifumbe macho. Yaache nusu wazi, yatue sakafuni kama mita moja mbele. Kichwa kikianza kudondoka, simama, tembea hatua 10 kwenda na 10 kurudi, ukisikia kisigino, unyayo, vidole. Hizo nazo ni dakika za kutafakari, zihesabu.

Anayeanza:
Asanteni wakuu. Blanketi la ziada sina. Kuna kigoda cha jikoni, nimekipima, sentimita 20. Hakitazidi?

Mkeka wa Ukili:
Kwa kukunja miguu mbele kinazidi, utasukumwa mbele na magoti yatabeba uzito. Piga magoti juu ya mkeka uliokunjwa, miguu uipitishe nyuma chini ya kigoda, ukikalie. Ni kama kikao cha tahiyatu kwenye swala, ila uzito hauangukii visigino. Kwa mtindo huo 20 ni sawa. Kama mbao ni ngumu, kunja khanga juu yake.