Sheria ndogo ya misitu bila muhuri wa wilaya ni karatasi tu! Mivule ya Tanga inaisha tukiangalia

Wakuu, hili tuliseme wazi maana limezidi, kuanzia Muheza mpaka Handeni.

Kamati ya maliasili ya kijiji inalala porini, inakamata chenso (msumeno wa injini), magogo ya mvule na watuhumiwa wawili. Kesi inafika mahakamani, hakimu anauliza: hii sheria ndogo iliidhinishwa lini na halmashauri ya wilaya? Kimya. Mtuhumiwa anatoka, chenso anarudishiwa, na wiki haijaisha mlio unasikika bonde lilelile.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982 haina utata. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, wananchi wanaitwa kuijadili, kisha rasimu na muhtasari vinakwenda wilayani. Nguvu inaanza wilaya ikishaidhinisha, si siku mliyonyoosha mikono chini ya mwembe. Na faili hulala hapo hapo! Afisa misitu anasema liko kwa mwanasheria, mwanasheria anasema halijamfikia, na kikao cha madiwani kikipita mnasubiri robo nyingine ya mwaka. Miezi mitatu ya chenso hiyo, jamani.

Lakini na sisi vijijini tunawapa wilaya sababu ya kuturudishia faili. Muhtasari unapelekwa bila orodha ya mahudhurio yenye saini. Mpaka unaandikwa "kutoka mtoni hadi kwenye mbuyu". Mbuyu ukianguka mpaka mtauonyesha wapi? Chukueni GPS kila kona, choresheni ramani, kijiji jirani wasaini kwamba wanaukubali huo mpaka. Tena Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inautambua msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji, ila inataka uwe na mpango wa usimamizi. Faini peke yake haitoshi.

Halafu hizo faini zenyewe! Ukiandika 50,000 kwa "kosa", mtu akiangusha mivule sita analipa 50,000 ileile. Mbao chache za kwanza zimeshailipa, zilizobaki ni faida yake. Andikeni kwa kila mti.

Kidhibiti, yaani vitu vya ushahidi, nacho kinatupotezea kesi nyingi. Wezi hupaka kisiki udongo na kutupia majani ili kionekane cha zamani. Kwangua: utomvu mbichi na unga wa mbao uliolowa chini vinasema ukweli. Pima kipenyo cha kisiki na urefu wa kila gogo, piga picha futi kamba ikionekana, andika namba kwa rangi kwenye kisiki na kwenye gogo lake, halafu mtuhumiwa na shahidi wasaini fomu palepale. Angalieni na alama ya nyundo, ile afisa misitu anayoigonga kwenye gogo alilokagua. Gogo lisilo nayo halikupita kwa afisa yeyote. Lori linalobeba mbao usiku lisimamishwe likaguliwe, hata kama dereva anayo hati ya kusafirishia.

Na mkimtoza mtu faini, toeni stakabadhi. Pesa isiyo na stakabadhi ni rushwa, na mwizi ataisema hivyo hivyo mbele ya hakimu.

Sasa maafisa watendaji mliomo humu: nani ana nakala yenye muhuri, saini na tarehe ya kuidhinishwa? Wekeni picha ya ukurasa wa mwisho. Iliyoandikwa "RASIMU" juu msituletee.