Serikali mtandao imepunguza moshi Arusha, au imehamisha foleni tu?

Mleta mada, Njiro: Wakuu, kuna hoja kwamba huduma za serikali zikiingia mtandaoni jiji linapunguza hewa ukaa, kwa kuwa watu hawazunguki tena kufuata karatasi. Mimi nasema inategemea huduma ipi. Mwezi uliopita nilihuisha kibali cha biashara (ofisi siitaji). Maombi ni ya mtandaoni, kweli, ila yanataka barua yenye muhuri wa mtendaji. Boda hadi kwake, hayupo. Kesho yake tena. Kisha stesheneri Kilombero wakaniskanie na kunijazia, maana simu iligoma kupandisha faili. Safari tatu! Enzi za karatasi nilikuwa naenda mara mbili.

Linganisheni na kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: hakuna fomu wala nauli. Mwananchi hata haioni.

Mpangaji, Sakina: Haioni nani, kaka? Mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba, anayekatwa ni mimi ninayenunua umeme wa elfu tano. Nikikatwa, jiko la umeme siligusi, narudi kwenye mkaa. Taifa linataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, halafu kodi tunaibebesha umeme huohuo. Gunia la mkaa halina LUKU.

Wa Pasua, Moshi: Hapo dada kakubana. Ila nyote mnahesabu vijisafari. Kibali ni mara moja kwa mwaka. Anayepanda Hiace Ngaramtoni kila alfajiri anafuata soko, hafuati fomu. Leseni za njia za daladala zinatolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa hiyo inajulikana gari ngapi zimepewa njia ipi. Taarifa hizo zipange njia, zisiishie kukusanyia ada. Moshi wenyewe uko kwenye foleni ya asubuhi.

Mleta mada: La wapangaji nakubali, sikuliwaza; mimi nakaa kwa mzee. La vijisafari nakataa. Mwenye duka haendi ofisi moja, na kila ofisi inataka nakala ya cheti kilichotolewa na ofisi ya jirani. Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, lakini bado mimi na boda ndio tunaosomanisha mifumo ya ofisi hizo, kwa kubeba karatasi. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) wanayo, TIN (namba ya mlipakodi) wanayo. Nakala ya kitambulisho wanaitakia nini?