MJADALA: Mtambo mpya wa kamera ya tumbo, au ayodini kwanza?

Mdau Chumbageni: Wana Tanga, hospitali ikipata fedha ya endoskopi, ile kamera ya tumbo, inunue nini? Mimi nasema mtambo wenye mwanga mwembamba. Mawimbi yake ni ya nanomita 415 na 540, yale yanayofyonzwa na damu, kwa hiyo vimishipa vya juu hujichora kahawia na saratani changa ya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, huonekana kabla haijawa uvimbe. Kupuliza rangi ya ayodini ni mambo ya kizamani, nesi anachafua chumba tu.

Nesi Makorora: Anachafua? Kaka, Lugol, hiyo rangi ya ayodini, ya asilimia 1.5, mililita 10 hadi 20, hupulizwa kwa katheta, mrija mwembamba, kuanzia pale umio unapokutana na tumbo, unapanda taratibu, unaacha kabla ya koo ili mgonjwa asipaliwe. Seli zenye afya zina glaikojeni, sukari ya akiba, zinageuka kahawia iliyokolea. Penye ugonjwa hapashiki rangi. Subiri dakika mbili tatu: pakigeuka waridi, ndipo pa kukata kinyama cha kupima. Ukimaliza, nyunyiza sodiamu thayosalfeti, inayozima ayodini, kifua kisimuwake. Huo ndio uchafu?

Raskazone: Dada, hujasema umio uliochubuliwa na asidi nao haushiki rangi. Vinyama vitakatwa bure. Na mwenye mzio wa ayodini, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, humpulizii kabisa.

Nesi Makorora: Hayo huulizwa kabla mgonjwa hajalala kitandani. Nasubiri lile neno "anachafua" lifutwe.

Fundi Ngamiani: Mwanga wowote, hata kompyuta ya kutambua vidonda, hauoni kilichofunikwa na povu. Mpeni mgonjwa simethikoni, dawa ya kuvunja povu, anywe na maji mapema. Msiimimine kwenye tundu la kamera: ina silikoni, inaganda ndani, brashi haiitoi.

Mdau Chumbageni: Basi tatizo ni usafishaji, na hiyo ni kazi ya manesi.

Nesi Makorora: Umerudi palepale! Kamera ikitoka tu mdomoni inafutwa, inavutishwa sabuni ya vimeng'enya, inapimwa kama inavuja kabla ya kuzamishwa, kila tundu linapigwa brashi, ndipo iingie glutaraldehaidi, dawa ya kuua vijidudu, ya asilimia 2 kwa dakika 20. Ukiruka brashi, ile dawa inagandisha kamasi humohumo. Brashi zikiisha nesi atumie nini? Bajeti ya mtambo wako ina brashi ngapi?

Raskazone: Na formalini ya kuhifadhia vinyama, nani ananunua?