Kilti ya kuvaa kila siku huku Uskoti: sufu ya yadi 8, ya yadi 5, ya poliesta au ya jinzi?

Mtanga_Glasgow

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa nne Glasgow. Tangu nilipokodi kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, kwa siku moja kwa ajili ya harusi ya mfanyakazi mwenzangu, nimekuwa na nia ya kununua yangu mwenyewe, si ya sherehe bali ya kwendea sokoni, maktaba na matembezi ya Jumamosi. Nimekulia katika nyumba ambayo baba akirudi kazini huvua suruali na kujifunga msuli, kwa hiyo vazi la mwanamume lisilo na miguu miwili halinipi shida hata kidogo. Kinachonipa shida ni kuchagua.

Kwa nilivyozunguka madukani, naona njia nne. Ya kwanza ni kilti kamili ya sufu, inayoshonwa kwa mkono kwa yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya meta 7, na bei yake ni mamia ya pauni. Ya pili ni ile wanayoiita ya kawaida, ya yadi 5, yenye marinda machache na sufu nyepesi zaidi. Ya tatu ni ya mchanganyiko wa nyuzi za kiwandani, poliesta na viskosi, ambayo hufuliwa kwa mashine na bei yake ni nafuu. Ya nne ni ya pamba nzito au jinzi, isiyo na tartani (ule mchoro wa mistari ya rangi inayokatizana), yenye mifuko ubavuni kama suruali ya fundi.

Moyo wangu unaelekea ile ya yadi 5, lakini naomba ushauri wa wale waliozivaa kwa muda mrefu, au wanaozishona.

Fundi_wa_Marinda

Kaka yangu, mimi ni mshonaji hapa Edinburgh, na kazi yangu kubwa ni kurekebisha kilti za watu, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Kabla ya kuhesabu yadi, uliza uzito wa kitambaa. Sufu ya kilti hupimwa uzito kwa aunsi (aunsi moja ni kama gramu 28) kwa kila yadi: aunsi 10 au 11 ni nyepesi, 13 ni ya kati na 16 ni nzito. Uzito huo ndio unaofanya marinda yaanguke sawasawa na kurudi mahali pake baada ya kila hatua, na ndio unaoizuia kilti isipeperuke upepo unapovuma kutoka baharini. Kilti ya yadi 5 ya aunsi 10 itakuwa rahisi mwilini, lakini utashinda ukiishika kwa mkono kila ukikunja kona ya barabara. Ya yadi 5 kwa sufu ya aunsi 13, kwa upande mwingine, ni vazi zuri sana la kila siku, wala sielewi kwa nini wauzaji wengi huunganisha yadi chache na kitambaa chepesi kana kwamba ni jambo moja.

Kuhusu poliesta na viskosi, sitaidharau. Hushika mkunjo vizuri, na mvua haiiharibu. Tatizo lake ni pasi: ikipata moto kidogo tu kupita kiasi, kingo za marinda hung'aa, na ule mng'ao hautoki tena. Ukiinunua, tandika kitambaa chenye unyevu juu yake kila unapoipiga pasi. Ya akriliki, ile nyembamba inayouzwa kwa watalii, usiiguse kabisa kwa matumizi ya kila siku, kwa sababu huota vinyweleo kwenye makalio kabla ya miezi michache kwisha.

Jambo moja ambalo halionekani dukani ni namna mchoro ulivyopangwa nyuma. Katika kilti iliyoshonwa vizuri, kila rinda hukunjwa kwa hesabu ili mistari ya tartani iendelee upande wa nyuma kana kwamba kitambaa hakijakunjwa kabisa. Hapo ndipo yadi 8 zinapokwenda, na hapo ndipo saa za fundi zinapokwenda pia. Ukiishika mkononi na kuyafungua marinda polepole, utaiona rangi iliyojificha ndani ya kila mkunjo. Hicho ndicho kinachonifanya niipende kazi hii.

Ushauri wangu ni huu: tafuta mitumba. Maduka ya hisani ya huku hupata kilti za sufu za aunsi 13 na 16 ambazo mwenyewe alizivaa mara chache kwenye harusi, kisha zikakaa kabatini miaka ishirini.

Babu_Aberdeen

Wanangu, nakubaliana na fundi kuhusu mitumba, na naongeza sababu ya historia, maana wengi wanadhani kuivaa kilti siku ya kawaida ni kuishusha hadhi.

Kilti ya kwanza, ile kubwa, ilikuwa kitambaa kirefu ambacho mtu wa nyanda za juu za Uskoti alikikunja na kujifunga mkanda, kisha sehemu iliyobaki akaitupa begani. Mchana ilikuwa nguo, usiku ilikuwa blanketi, na yeyote aliyewahi kulala porini na shuka lake ataelewa mara moja. Hii ndogo tunayoijua ilienea katika karne ya 18. Baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746 ya kuyapiga marufuku mavazi hayo kwa wanaume, isipokuwa wanajeshi, na adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa miezi sita jela. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782, lakini kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kuzoea suruali. Mfalme George wa Nne alipoitembelea Edinburgh mwaka 1822 akiwa amevaa kilti, ilirudi kwa kishindo, ila ilirudi kama vazi la heshima na gwaride. Kwa hiyo anayekwenda kununua maziwa na kilti yake leo anairudisha ilikotoka.

Ukitaka isionekane ya harusi, badilisha vingine vyote. Acha koti fupi lenye vifungo vya fedha na acha viatu vya kamba ndefu. Vaa sweta au shati la kawaida, buti za kutembelea, na soksi nene zilizoshushwa hadi juu ya buti, kama wafanyavyo mashabiki wa timu ya taifa ya mpira, ambao huivaa na fulana ya timu. Mkoba unaoning'inia mbele ya kilti uwe wa ngozi ya kahawia isiyo na manyoya. Kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi kibaki nyumbani. Sheria ya huku inakiruhusu kama sehemu ya vazi la taifa, lakini hakina kazi sokoni.

Na usiogope kuhusu tartani, ambayo koo nyingi zina yake. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvaa ya ukoo usio wake, ingawa ile ya Balmoral ni ya familia ya kifalme na huachiwa wao. Mgeni anayetaka kuwa salama huchagua Black Watch, ya kijani na buluu iliyokolea, ambayo huvaliwa na watu wa koo zote.

Mpwani_Seattle

Nimevaa za pamba kwa miaka sita. Hapa Seattle ndipo kampuni ya kilti za aina hiyo, Utilikilts, ilipoanzia mwaka 2000, na mafundi wa ujenzi na wa majukwaa ya muziki walizipenda kwa sababu ya mifuko na kwa sababu huoni uchungu zikichafuka. Huvaliwa chini, kwenye nyonga, ilhali ya sufu hukaa juu, karibu na kitovu. Kwa kazi za bustani sijaona mfano wake.

Kasoro yake ni maji. Pamba nzito ikinyeshewa huwa kama gunia lililolowa, hugandamana na mapaja, na haikauki hadi kesho. Sufu hunyeshewa ikaendelea kukupa joto. Kwa mvua ya Glasgow, mimi nisingeifanya ya jinzi kuwa ya pekee.

Bin_Said_Muscat

Ndugu Mtanga, nina swali ambalo huenda wengine wameliona dogo. Kilti huishia katikati ya goti, na sitara ya mwanamume katika swala ni baina ya kitovu na goti. Ukirukuu na kusujudu, nyuma hupanda. Hapa kwetu wizari, shuka la kujifunga kiunoni, hufika kwenye vifundo, kwa hiyo jambo hilo halitokei. Je, walioko huko hufanyaje wakati wa swala ukiwakuta mjini?

Babu_Aberdeen

Si dogo hata kidogo, bwana. Mimi hubeba kikoi ndani ya begi. Nikifika msikitini hukifunga juu ya kilti kabla ya kuingia safuni, hufika vifundoni, na hainichukui hata dakika moja.

Mtanga_Glasgow

Ahsanteni sana nyote. Kwa maneno ya fundi niliahirisha kuagiza ile ya yadi 5, na leo asubuhi nimeikuta Black Watch ya sufu katika duka la hisani, lebo imeandikwa aunsi 13. Nilipopiga magoti, ukingo wake uliinuka kutoka sakafuni kiasi cha inchi moja. Tatizo ni kiuno: imeshonwa kwa inchi 34 na mimi ni 36. Wameniwekea hadi Jumamosi. Je, inarekebishika?

Fundi_wa_Marinda

Inarekebishika, kaka, na umebahatika, maana urefu ndio mgumu. Kilti ya asili haina pindo chini. Ule ukingo ni wa mfumaji mwenyewe, kwa hiyo kuifupisha ni kuifumua kuanzia juu. Kiuno ni suala la bizimu tatu, mbili za upande wa kulia na moja ya kushoto. Zisogezwe inchi moja kila upande, kwa usawa, ili mstari wa katikati wa uso wa mbele usihame kutoka kitovuni. Marinda yasiguswe.

Kabla hujalipa, inue juu ya mwanga wa dirisha na ufungue rinda moja moja. Nondo hupenda kula ndani ya mikunjo, mahali ambapo mkono wa mnunuzi haufiki. Tundu moja au mawili hutiwa rufu kwa uzi uliochomolewa ndani ya kilti yenyewe. Yakizidi hapo, iache.