Miezi 6 baada ya upasuaji wa ACL (kano ya ndani ya goti inayolizuia lisiyumbe): goti haliumi, paja limekonda. Acheze?

kocha_wa_Tudor
Salaam wakuu. Nina beki wa miaka 24, kilo 70. Alipandikizwa ACL ya goti la kulia miezi 6 iliyopita kwa kano za nyuma ya paja, na meniskasi ya ndani (mto mlaini kati ya mifupa ya goti) ikapunguzwa kidogo siku hiyohiyo. Goti halivimbi, halimuumi, linanyooka sawasawa. Ila nikipima sm 10 juu ya pia ya goti, paja la kulia ni jembamba kwa sm 2. Viongozi wanamtaka uwanjani mwezi ujao. Nguvu nizipime vipi bila ile mashine ya mamilioni? Na ni kweli paja dhaifu ndilo linalochakaza goti baadaye?

fizio_Kisauni
Coach, futi iweke kando. Inapima mafuta, inapima na ule msuli wa nyuma uliotolewa kano, lakini nguvu ya msuli wa mbele haikuambii.

Tafuta mizani ya kidijitali ya kuning'iniza magunia, ya kilo 150 kwenda juu. Zile ndogo za kupimia mabegi ya safari huishia kilo 50, kijana ataipita. Mkalishe juu ya meza nzito, goti nyuzi 90. Mkanda mpana ukae juu kidogo ya kifundo cha mguu, taulo chini yake. Mizani ifungwe nyuma yake kwenye mguu wa meza, kamba ilale sambamba na sakafu. Ikipanda au kushuka, namba inakudanganya. Mikono kifuani, asukume mguu mbele kwa nguvu zote sekunde 5, mara 3, akipumzika dakika moja kila mara. Makalio yakiinuka, hiyo haihesabiwi. Chukua namba kubwa, kisha mguu wa pili vivyo hivyo.

Tuseme kushoto kilo 60, kulia 45. Hiyo ni asilimia 75, na kinachodaiwa ni 90. Lakini mguu mzima nao umezembea miezi yote hiyo, kwa hiyo asilimia yaweza kupendeza na miguu yote miwili ikawa dhaifu. Piga hesabu ya pili: 45 × 9.81 × umbali wa goti hadi mkanda, tuseme mita 0.35. Unapata kama niutoni-mita 154. Gawa kwa kilo 70: 2.2. Lengo linalotajwa sana kwa vijana wa kiume ni karibu 3.

Usiridhike na kuruka kwa mguu mmoja peke yake. Nyonga na kifundo huweza kulibeba goti, umbali ukawa sawa na paja bado halijafanya kazi yake.

Mwezi ujao? Hapana. Utafiti wa Delaware (Marekani) na Oslo (Norwe) wa 2016 ulionyesha kila mwezi wa kusubiri, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Waonyeshe viongozi hilo.

mifupa_Makadara
Hilo swali la pili lisijibiwe kwa "ndiyo" tu. Takriban nusu ya waliokatika ACL huonekana na uchakavu kwenye eksirei miaka 10 hadi 20 baadaye, wawe walipasuliwa au hawakupasuliwa. Si wote wanaoumwa. Upasuaji hutuliza goti lisiyumbe. Haufuti kishindo cha siku ya kuumia, damu iliyoingia ndani ya kiungo na mfupa uliopondeka. Kwa kijana huyu, meniskasi iliyopunguzwa inanitia wasiwasi kuliko hizo sm 2.

Paja linaingia hapa: msuli wa mbele ndio unaomeza kishindo mguu unapotua. Ukiwa dhaifu, mtu hutua goti likiwa gumu, bila kulikunja vya kutosha, na kishindo hakipokewi inavyopaswa. Kumlaza nako si dawa, gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) hudhoofika isipobebeshwa mzigo.

jimu_ya_Nyali
Naongeza kinachokosewa kila siku. Skwati (kuchuchumaa na kuinuka) za miguu miwili peke yake hazitamrudisha, kwa sababu mguu mzima unamwibia mwenzake kazi. Weka mizani mbili za bafuni, mguu mmoja juu ya kila moja, ashuke. Utaona kushoto 42, kulia 28, na yeye anaapa amesimama sawa.

Mfanyishe mguu mmoja mmoja: mashine ya kunyoosha goti, kushuka ngazi ya sm 20 polepole kwa sekunde 3, na kusukuma mzigo kwa mguu. Seti 3 hadi 4 za mara 6 hadi 8, uzito wa kumwachia mara mbili tu kabla ya kushindwa, apumzike dakika 2, siku 3 kwa wiki. Akisikia maumivu mbele ya goti kwenye mashine, abaki kati ya nyuzi 90 na 45 na apunguze uzito, asiiache.

Kesho yake asubuhi sukuma maji ya goti kwa kiganja, upande wa ndani kwenda juu, kisha shusha upande wa nje. Kibonye kikijaa upya upande wa ndani, jana mlizidisha. Goti lenye maji humzuia msuli kukaza hata mtu akijilazimisha.

kocha_wa_Tudor
Ahsanteni sana. Mizani nitaitafuta. Je, kusujudu, na ile telemko ya feri Likoni?

fizio_Kisauni
Telemko mwache ashuke, maji yakiwa yamekupwa ndiyo kali zaidi na ni zoezi zuri, ila asikimbie na umati. Kusujudu sawa kama goti halivimbi. Kikao cha tahiyatu ndicho kinachokunja goti hadi mwisho: likikaza, aweke mto kati ya makalio na visigino, aupunguze unene wiki kwa wiki.